Ushanga wa Sita

Mtoto akizaliwa na selimundu, nani alaumiwe? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, jikoni na matangani, na jibu huwa liko tayari: mama. Ama ukoo wa mama. Ama jirani mwenye jicho baya. Mimi nataka tuliulize waziwazi, lakini kwanza tuingie ndani ya damu tuone kuna nini.

Himoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Ni minyororo minne iliyokumbatiana, kila mmoja umetungwa kama shanga. Shanga zenyewe huitwa asidi amino, na ziko za aina 20 tu. Nyingine hupenda maji, nyingine huyakimbia. Zinazoyakimbia hujificha ndani, zinazoyapenda hukaa nje, na hivyo mnyororo hujikunja ukapata umbo lake.

Mnyororo uitwao beta una shanga 146. Wa sita kwa kawaida ni asidi glutamiki, mpenda maji. Kwa mwenye selimundu, mahali pake pamekaliwa na valini, mkimbia maji. Tofauti ni hiyo tu. Lakini valini hiyo iko nje, haina pa kujificha. Himoglobini ikishatoa oksijeni, valini hujishikiza kwenye himoglobini jirani, nayo kwa nyingine, hadi zinakuwa nyuzi ndefu ngumu. Chembe ya damu inapindika kama mundu, mishipa midogo inaziba, na mtoto analia usiku kucha. Vernon Ingram ndiye aliyeigundua tofauti hiyo, kule Cambridge, katika miaka ya 1950.

Binamu yangu alifariki kwa ugonjwa huu, na matangani mama yake aliangaliwa kama mshtakiwa. Kumbe aina iliyomuua huhitaji ushanga huo utoke kwa wazazi wote wawili! Baba alikaa na wazee akipewa pole, na hakuna aliyemtazama vibaya.

Na je, ushanga wenyewe ni kosa? Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alionyesha kwamba anayeurithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana umeenea kando ya Ziwa na Pwani, penye mbu, kuliko nyanda za juu penye baridi. Wengi wetu tuko hapa kwa sababu babu fulani alivuka utoto akiwa nao. Kilichomlinda yule ndicho kinachomtesa huyu.

Mtu ataniambia: basi kama hakuna wa kulaumiwa, hakuna wa kuwajibika. Hapo nakataa. Wawili wenye ushanga huo wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kujua hilo na kunyamaza si sawa.

Lakini kuna namna ya kuwajibika inayogeuka ukatili. Linus Pauling, mmoja wa waliotuonyesha mwaka 1949 kwamba chanzo cha ugonjwa kimo kwenye molekuli, alipendekeza mwaka 1968 kwamba kila kijana mwenye ushanga huo achorwe alama kwenye paji la uso, ili wenye alama wasipendane. Nia yake ilikuwa kupunguza mateso. Hata hivyo, alama ya usoni husomwa na kila mtu: mwajiri, mwenye nyumba, mama mkwe. Tungerudi palepale matangani, safari hii kwa wino.

Naamini siri hii ni ya watu wawili, na kati yao isiwe siri. Mimi nimepimwa, ninao mmoja. Nitakayetaka kumwoa nitamwambia mapema, tuamue pamoja. Na mtoto wa jirani akilazwa tena, sitauliza ametoka ukoo gani. Nitauliza dawa zimebaki za siku ngapi.