Bingwa wa Randa

Wiki ya tatu walimweka kwenye mashine ya randa, na mafunzo yake yakaishia hapo, ingawa aliendelea kuyahudhuria kwa mwaka mmoja na nusu.

Kijana huyu nimemtunga, na kampuni iliyomchukua nimeitunga pia, kwa hiyo hakuna wa kutafutwa. Lakini mtu anayezijua karakana za mbao za Songea atamtambua, pengine atataja hata majina mawili matatu. Tuseme anakaa Lizaboni. Kidato cha nne kimekwisha na matokeo hayakumfikisha mbali. Mjomba wake akasikia kwamba kuna kampuni inachukua vijana na kuwafundisha ujenzi wa mbao, ada hakuna, posho ipo. Mama akamshukuru Mungu, akamnunulia buti.

Karatasi iliyobandikwa ofisini ilitaja vituo vinne: kupokea na kupanga mbao, mashine, kuunda kenchi uwanjani, kisha kupaua kwenye nyumba za wateja. Miezi minne minne kila kituo. Ulikuwa mpango mzuri, na aliyeuandika alijua anachokifanya. Tatizo ni kwamba kijana wetu alikuwa na mikono myepesi. Mbao za paina zikiletwa kutoka Madaba na Njombe, yeye ndiye aliyezipitisha kwenye randa zikatoka laini bila kuchimbika ncha. Kisu kikianza kuisha makali alikisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwezi wa nne ulipokwisha, msimamizi alimwita pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zamu yako ya kwenda uwanjani imefika. Ila nikikutoa hapa mashine inalala. Ukibaki, nitakuongezea kidogo kwa kila mbao juu ya posho. Uwanjani ni posho tupu. Chagua mwenyewe."

Akachagua randa. Nyumbani kulikuwa na kodi ya chumba na mdogo wake anayesoma, nani angemlaumu? Hata msimamizi mimi simwiti mwizi. Jioni bosi humuuliza mbao ngapi zimetoka. Hakuna siku aliyoulizwa ni vijana wangapi wanaweza kupiga mahesabu ya kenchi. Mafunzo yasiyokaguliwa na mtu wa nje hugeuka kibarua taratibu, bila mtu yeyote kukaa chini na kupanga hila.

Mwenzake wa Bombambili alikuwa na mikono mizito. Aliharibu mbao wiki mbili mfululizo, akafukuzwa bandani, akatupwa uwanjani kuburuta mbao juani. Vijana wa mashine walimcheka. Lakini huko uwanjani ndiko kazi yenyewe ilikokuwa ikifanyika, na yeye, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, aliitazama.

Akaona mafundi wanavyotafuta pembe mraba kwa kamba tu: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na mshazari ukisoma 5 kamili, kona imenyooka. Akaona kenchi ya kwanza ikichorwa chini, ikipigiwa vigingi, na nyingine zote zikiundwa juu ya ile ili zisipishane. Siku moja fundi mmoja alimkalisha na kumtolea hesabu ya nyumba yenye upana wa futi 24. Nusu yake ni 12. Ukitaka kilele kipande futi 5, mbao ya mteremko itakuwa futi 13. Ongeza 2 za kutokeza nje ya ukuta, unapata 15. Mbao zetu zinauzwa futi 12. Maana yake utaunga, utake usitake, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Kiungo hakiachwi kikielea katikati ya nafasi. Kinasogezwa karibu na mbao inayokishikilia kwa chini, kisha kinabanwa kwa vipande pande zote mbili. Vivyo hivyo mbao ya chini, ile ya mlalo inayozuia kuta zisisukumwe nje. Futi 24 ni mbao mbili za 12 zikigusana ncha, na mvivu ataziunga katikati kabisa kwa kipande kifupi cha upande mmoja.

Oda zilipopungua, kampuni ikawaaga vijana kila mmoja na barua. Barua zote zilifanana: fulani "ameshiriki mafunzo ya ujenzi wa mbao". Bingwa wa randa na mburuta mbao walipewa sentensi ileile.

Miezi michache baadaye mwalimu mstaafu wa Msamala alikuwa anatafuta fundi wa kupaua. Nyumba yake ilikuwa na upana wa futi 24. Kijana wetu akaonyesha barua, akataja bei ya chini kidogo, akapewa kazi. Mbao alizipiga randa zikang'aa, jambo ambalo paani halina faida yoyote. Zilikuwa mbichi. Paina iliyopasuliwa kwenye mashine ya dingdong leo inaweza kubeba maji yenye uzito sawa na mbao yenyewe, na mafundi wanaojali huisubiri ishuke chini ya asilimia 20. Yeye hakusubiri, maana mvua zilikuwa zinakaribia na mwalimu alitaka kuhamia. Mbao za chini akaziunga katikati, kenchi zote mahali palepale, kipande kimoja upande mmoja.

Bati likapigwa, watu wakapiga picha. Ndani ya miezi michache mbao zikakauka na kusinyaa, misumari ikalegea kwenye matundu yake, viungo vikaachia kidogo kidogo. Mbao za mteremko zikaanza kusukumana nje na kilele kikashuka. Mwalimu alisimama barabarani, akatazama, akampigia simu.

"Kijana wangu, njoo uone. Paa langu limekaa kama mgongo wa punda mzee."

Sasa, wako vijana ambao wiki hii wanafikiria kuingia kwenye programu kama ile, na mimi siwazuii. Kujifunza kazini ni njia ya zamani katika mkoa huu. Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walijenga kwa mikono ya vijana waliofundishwa useremala na uashi palepale kwenye karakana, na mafundi waliopita huko walisambaa Ruvuma nzima. Lakini kabla ya kununua buti, uliza maswali ambayo mjomba hatauliza. Nani atanihamisha kituo, na siku ile asiponihamisha namwambia nani? Kuna kitabu kinachoandikwa kila kazi niliyoifanya na kusainiwa na fundi? Mkataba uko wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza, na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Uliza pia kama jina lako litapelekwa NSSF na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kwa sababu msumeno haubagui mwanafunzi na mwajiriwa.

Tena uliza mwisho wake ni cheti gani. Barua ya kampuni inafaa kwa kampuni. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na chuo chao kipo hapa Songea. Anayekupima atakutaka uonyeshe kazi kwa vitendo, na kitabu kilichosainiwa kituo kwa kituo kitakusaidia kujieleza. Anayependa mashine kwa dhati, kama kijana wetu alivyozipenda, naye ana njia yake. Chuo cha Viwanda vya Misitu kipo Moshi, na Mafinga kuna kituo cha mafunzo kilichoanzishwa chini ya mpango wa Panda Miti Kibiashara uliofadhiliwa na Finland. Kuwa bingwa wa randa ni riziki ya heshima kabisa. Aibu ilikuwa kwenye ile barua iliyosema amejifunza kujenga, na yeye mwenyewe akaiamini.

Mwalimu hakumpeleka polisi. Alimpa wiki mbili. Kijana alimtafuta kila fundi anayemfahamu, na mwishowe akavuka mji hadi Bombambili. Yule mwenzake alipanda dari na tochi, akakaa huko muda mrefu, akashuka na vumbi kichwani. Akasema kenchi zitainuliwa kwa nguzo za muda, moja baada ya nyingine, viungo vibanwe kwa vipande virefu pande zote mbili na kukazwa kwa bolti, na bati mbili tatu za juu zitafunguliwa. Vifaa alete yeye mwenye kosa.

"Na ufundi je, ndugu yangu?"

Akamtajia bei. Ilikuwa ileile anayomtajia mteja yeyote, na nusu yake aliitaka kabla ya kupanda ngazi.