Simu Mkononi mwa Mtoto

Wako wazazi wasemao kwamba vyombo vya siku hizi huharibu watoto tu, wala hakuna jema litokalo humo. Sisi hatuwezi kukubaliana nao. Mwishoni mwa mwaka 2017 watoto wapata 2,700 wa vijiji vya mkoa wa Tanga walipewa kompyuta ndogo za mkononi, zenye masomo ya kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiswahili. Wengi wao hawakupata kuingia shuleni, na zaidi ya tisa katika kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 hesabu ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Jambo hilo si dogo.

Lakini katika habari hiyo limo neno lituchomalo zaidi: wanane katika kumi walikuwa hawajasomewa kitabu nyumbani hata siku moja. Je, sisi wenye vitabu kabatini twawapita wazazi wale kwa kiasi gani?

Juzi tulikuwa wageni nyumbani kwa dada yetu. Mpwa wetu, mtoto wa miaka sita, akatujia akiuliza kwa nini mwezi ulikuwa ukimfuata njiani. Sisi tulikuwa katikati ya mazungumzo (nayo hayakuwa ya maana sana). Tukampa simu, tukasema, “Chukua, ujifunze.” Baadaye tulipomwuliza amejifunza nini, alijibu kwa adabu, “Mjomba, hukuniambia nijifunze nini.”

Kweli hatukumwambia, maana hatukutaka ajifunze, tulitaka anyamaze. Kompyuta zile za Tanga zilitiwa masomo kwa makusudi, bali simu yetu ilikuwa na kila kitu, nasi hatukuchagua lolote. Kutaka kimya si kosa, kwani mzazi naye huchoka. Kosa ni kukiita kimya hicho elimu. Mtoto husikia upesi kwamba “jifunze” maana yake ni “niondokee”, na neno hilo likiisha kuharibika masikioni mwake, mwalimu atalitumiaje kesho? Ingalikuwa heri tumwambie kweli: “Mwanangu, ngoja kidogo, tukimaliza tutatazama mwezi pamoja.”

Usiku ule tulimshika mkono tukatoka naye uani, lakini mwezi ulikuwa umekwisha kutua.