Mazoezi ya Mwili na Mazoea

Watu wengi huanza mazoezi ya mwili kwa bidii, na baada ya majuma mawili huacha. Sisi tuandikao tumeacha hivyo mara nyingi. Je, ni uvivu tu? Twadhani sivyo. Wazee wetu wa milima ya Usambara hawakutupita kwa bidii. Walipanda na kushuka kila siku kwa kuwa shamba, maji na gulio vilikuwa mbali. Haja iliwaamsha. Leo pikipiki yatuchukua hata mlangoni. Haja ile imeondoka, nasi twakaa hata kisukari na shinikizo la damu vitupate.

Basi yatupasa kuweka saa mahali pa haja. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri, kama kutembea upesi, si chini ya dakika 150 kwa juma; ndizo dakika 30 kwa siku tano. Mtu achague saa moja, tuseme alfajiri kabla ya chai, wala asiuulize moyo kama wapenda. Akikosa siku moja, arudi kesho yake. Aliyejikwaa hakuiacha njia. Aliyeketi akijilaumu ndiye aliyeiacha. Tusingoje kupenda ndipo twende. Twende, na kupenda kutatufuata.