Je, Kuvutwa kwa Moyo ni Dhambi?



Ulizo hili latujia mara kwa mara: kijana ambaye moyo wake wavutwa na kijana mwenziwe, wala si na msichana, je, amelogwa? Hasha! Msimtafute mchawi. Mwaka 2019 wataalamu walichunguza chembe za urithi za watu zaidi ya 470,000. Hawakuona chembe moja iletayo mvuto huo, bali nyingi sana, kila moja yenye nguvu kidogo, pamoja na mambo mengine yasiyo ya urithi. Mila nazo hufunza macho: huku mnene husifiwa, kwingine mwembamba. Ni nani aliyeketi akauchagulia moyo wake kama mtu achaguavyo kitambaa sokoni?

Katekisimu ya mwaka 1992 yatenga kuvutwa na kutenda. Tendo yalikataza; usafi wa moyo yaudai kwa wote, hata kwako wewe umkodoleaye macho mke wa jirani. Lakini mtu mwenyewe yaagiza apokelewe kwa heshima na huruma, asibaguliwe pasipo haki. Basi baba amfukuzaye mwanawe usiku kwa ajili ya mvuto tu, huyo baba ndiye mwenye jambo la kuungama.