Adabu ya Ulimi na Uaminifu wa Moyo

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako mtu hununua samaki kwa Kijaluo, huteremka Isebania akapatana bei kwa Kiswahili, na akifika mbele ya hakimu au jopo la waajiri huulizwa habari zake kwa Kiingereza, imekuwa desturi ya vijana wengi kuiingia lugha hii ya tatu kwa mlango wa adabu. Hukariri maneno ya salamu, ya kuomba, ya kushukuru na ya kutaka radhi, wakayarudia na wenzao njiani, kwa kutaraji kwamba ulimi uliozoea kusema "please", "thank you" na "excuse me" bila kukwama utapata ujasiri wa kuyasema na mengine yaliyo mazito zaidi. Wako wazee, na hata walimu, waitazamao desturi hii kwa shaka, wakauliza kama mtu ashukuruye pasipo shukrani moyoni, na atakaye radhi hali hakumkosea mtu, hajifunzi unafiki pamoja na lugha. Swali lao ni la haki, wala halistahili jibu la haraka, kwa sababu linagusa jambo ambalo dini na falsafa zimelitafakari tangu kale, nalo ni uhusiano wa neno litokalo kinywani na nia ikaayo moyoni.

Nitangulize manufaa ya ulimi, maana juu ya hayo ubishi ni mdogo. Mazungumzo ya kila siku yana mianzo na miisho inayokaribia kuwa ileile siku zote, na mwanafunzi anayeiunda kila sentensi upya, akitafuta kwanza nomino, kisha kitenzi, kisha wakati wa kitenzi, huchoka kabla ya kulifikia kusudi lake, na pengine msikilizaji wake hukatiza maneno akaondoka. Aliyehifadhi kifungu kizima cha kuomba au kuuliza hukitoa kwa pumzi moja, na wakati ulimi ukikitamka, akili hupata nafasi ya kutafuta neno la mbele. Fauka ya hayo, kifungu kilichorudiwa mara nyingi humfunza mtu mkazo wa maneno na kupanda na kushuka kwa sauti, mambo ambayo kanuni za ubaoni haziwezi kuyatia kinywani. Mjaluo, ambaye lugha ya mama yake haina sauti ya "sh" wala ya "z", hazipati sauti hizo kwa kuelezwa mahali pa ulimi na meno. Huzipata kwa kuzitamka kila siku katika maneno asiyoweza kuyaepuka. Na adabu humfaa hasa mwenye hofu, kwa kuwa anayeanza kwa kutaka radhi na kusihi neno lirudiwe aghalabu hupata msikilizaji mvumilivu, na uvumilivu wa msikilizaji ni nusu ya ufasaha wa msemaji.

Lakini faida hii ina mpaka. Ukipita asubuhi kando ya shule ya msingi baina ya Rongo na Awendo, utasikia darasa zima likisimama kwa kishindo cha madawati na kumjibu mwalimu kwa sauti moja, "We are fine, thank you, teacher," kisha likaketi. Matamshi ni mazuri na mwendo wa sauti umenyooka. Lakini miongoni mwa watoto wale yumkini yumo aliyeamka na homa, na yumo aliyekuja bila kutia kitu tumboni, nao wote wamejibu kwamba ni wazima. Jioni, watoto haohao wakimwona mgeni barabarani watamfuata wakimpigia kelele za "How are you?" na kukimbia kwa furaha kabla hajajibu. Hawana ila; wametenda walivyofunzwa. Wamepewa swali wasiloambiwa kwamba lina jibu.

Hapa ndipo mwenye shaka anapopata nguvu ya hoja yake. Nabii Isaya aliwalaumu watu waliomkaribia Mwenyezi Mungu kwa midomo hali mioyo yao i mbali naye, na Uislamu hufundisha kwamba thamani ya amali hufuata nia ya mtendaji. Injili ya Mathayo nayo ina mfano wa baba aliyewaambia wanawe wawili waende kufanya kazi katika shamba la mizabibu: mmoja akakataa waziwazi, kisha akajuta akaenda, wa pili akaitika kwa heshima kamili, wala asiende. Aliyetimiza mapenzi ya baba ni yule wa maneno makavu. Kwa watu wa pande hizi, ambako Waadventista walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, ambako Wakatoliki walijenga Asumbi, na ambako Waislamu wa Kendu Bay wamekuwa wakiswali tangu zamani, mafundisho haya si mageni, na mtu aliyelelewa nayo ana sababu ya kuogopa neno tamu lisilo na kitu nyuma yake.

Hata hivyo, ukiutazama vizuri mfano wa wana wawili utaona kwamba kosa la mwana wa pili halikuwa kuitika vizuri. Lilikuwa kukaa baada ya kuitika. Neno lake lilikuwa ahadi, naye hakuitimiza. Naona kwamba ndivyo yalivyo maneno yote ya adabu. Asemaye "thank you" hatoi taarifa ya hali ya moyo wake kwa dakika ile; anakiri mbele ya mwingine kwamba amepokea ihsani, na kukiri huko kunampasa kitu kesho na keshokutwa. Asemaye "I am sorry" anajifunga kutolirudia kosa. Moyo unaweza kuchelewa kulifikia neno, kama moyo wa mtu mwenye hasira unavyochelewa kuifikia dua anayoisoma, na kuchelewa huko si uongo maadamu mwenye neno anakusudia kulifuata.

Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, alieleza kwamba atakaye kuwa mkarimu hana budi ajilazimishe kutoa kama watoavyo wakarimu, hata kutoa kuwe tabia yake; akatoa mfano wa mtu atakaye hati nzuri, ambaye mwanzo huiga hati ya fundi kwa taabu, na mwisho mkono wake wenyewe huandika hati hiyo bila kulazimishwa. Aristotle, aliyeishi Ugiriki zaidi ya miaka elfu kabla yake, alikuwa amesema jambo lililo karibu na hilo, kwamba watu huwa waadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu. Ikiwa hukumu ya wakuu hawa ni sahihi, basi kijana anayejilazimisha kushukuru kwa lugha ambayo bado inamwia nzito hastahili kuitwa mnafiki. Mnafiki na mwanafunzi wanaweza kusema neno moja kwa matamshi mamoja; mmoja ataka aonekane, na mwingine ataka awe.

Zaidi ya kukusudia kulifuata neno, lipo sharti jingine, na kwa maoni yangu ndilo kubwa, nalo ni kumwona mtu unayesema naye. Mwanasiasa Tom Mboya, aliyekuwa mtu wa kisiwa cha Rusinga kwa nasaba na ambaye kaburi lake liko kisiwani huko, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1963 tukio la siku alipokuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi. Alikuwa peke yake kazini akipima maziwa, akaingia bibi wa Kizungu aliyeleta maziwa yapimwe, akatazama huku na huku, akauliza kama mahali pale hapana mtu. Mboya, kwa Kiingereza cha heshima na kwa kumwita kama bibi wa daraja lake anavyoitwa, akamwuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro, bibi akaghadhibika.

Tukio hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ufasaha na adabu ni vitu viwili: swali la bibi yule halikuwa na kosa la sarufi, ila aliyeulizwa hakuhesabiwa kuwa mtu, na mazoezi yote ya vifungu duniani yasingelisahihisha swali kama hilo. La pili ni kwa wale waonao kwamba maneno ya heshima ya Kiingereza ni mabaki ya utumwa, yanayomshusha Mwafrika kila ayatamkapo. Mboya aliitumia heshima ileile ya lugha ile kudai haki yake ya kuonekana, na neno la staha halikumpunguzia kimo. Lilimwacha bibi bila udhuru.

Jeraha linalowafanya watu wayaone maneno hayo kuwa mabaki ya utumwa, hata hivyo, si la kubuni. Wazee wengi waliosoma nchini Kenya wanakikumbuka kipande cha mti au cha mfupa kilichotundikwa shingoni mwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama yake shuleni, naye akakaa nacho hata amnase mwenziwe. Malezi hayo yaliwafundisha wengi kwamba Kiingereza ni lugha ya kumwogopa aliye juu, na adabu yake ni kodi anayolipwa mkubwa. Ndiyo maana utamwona mtu akimwomba karani wa benki kwa maneno laini ya kigeni, na saa hiyohiyo akimwamrisha mwendesha bodaboda kwa Kijaluo au Kikuria kama asiyemwamrisha binadamu. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kukiweka sawa na Kiingereza kama lugha rasmi, tena ikaiagiza dola kuzikuza na kuzilinda lugha za wenyeji. Lakini hakuna sheria iwezayo kumwagiza mtu asiifungie adabu yake katika lugha moja.

Niliwahi kuwaona vijana wawili karibu na gati la Homa Bay wakijiandaa kwa usaili wa kazi. Mmoja alijifanya mwajiri, na mwenziwe akaja mbele yake, akasimama wima, akasema, "Good morning, madam. Thank you for inviting me," wakayarudia mpaka ulimi ukaacha kujikwaa. Mama muuza chai akawaletea vikombe. Aliyejifanya mwajiri alipokea bila kuinua macho, lakini mwenziwe aliyakatiza maneno yake, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kijaluo, "Erokamano, mama," naye mama akamjibu, "Mungu akufungulie, mwanangu." Kisha kijana akageuka, akasema kwa Kiingereza kwamba anaomba radhi kwa kukatiza, na kama ataruhusiwa aendelee. Kifungu hicho hawakuwa wamekifanyia mazoezi. Alikuwa na jambo la kweli la kuomba radhi, na maneno yakaja.

Katika jambo hilo dogo naliona jibu la swali tulilolianza. Vifungu vya kukariri humfikisha mwanafunzi mahali pa kusemea, na ni haki yake avikariri bila aibu. Lakini ukweli ndio unaomlazimisha kwenda mbele. Mtoto wa Awendo aliyeruhusiwa kumjibu mwalimu kwamba leo si mzima atahitaji neno la kichwa, neno la usiku na neno la maumivu, na kwa kuyatafuta atajua Kiingereza kingi kuliko atakachopata kwa kutangaza uzima kila asubuhi kwa miaka yote ya shule ya msingi. Kijana anayemshukuru kwa Kiingereza mtu aliyemfadhili hasa atataka kutaja ihsani yenyewe, na kuitaja kutamdai sentensi ya pili na ya tatu. Kwa hiyo ningewasihi walimu wetu waulize na kungoja majibu, na vijana wetu wawashukuru kwanza walio karibu nao, kwa lugha yoyote ifahamikayo, kabla ya kuipeleka shukrani hiyo mbele ya waajiri. Atakayefanya hivyo hatakuwa na hofu ya unafiki, kwa kuwa kila neno jema analolizoeza ulimi wake litakuwa na mtu wa kulipokea na tendo la kulishuhudia, na ufasaha anaoutafuta utamjia kwa kuwa ana jambo la kusema.