Kunywa na Kuonja

Je, kunywa bia kwaweza kuwa tendo la uadilifu, au uadilifu wote umo katika kuiacha? Swali hili nimeishi nalo tangu nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Sasa umri wangu umepita miaka sabini, nami nitajaribu kulijibu kwa mfano wa bia moja tu.

Bia hiyo huitwa Helles, yaani yenye rangi angavu, nayo ni ya mji wa Munich, Ujerumani. Mwaka 1842 Josef Groll, mzaliwa wa Bavaria, alipika bia ya rangi ya dhahabu huko Plzeň, mji ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki. Bia hiyo ikapendwa mno. Watu wa Munich, waliozoea bia nyeusi, walipata jibu lao mwaka 1894 kiwanda cha Spaten kilipotoa Helles. Siku hizi hata watengenezaji wadogo wa Marekani huipika. Vitu vyake ni vichache: maji, kimea cha shayiri, hopi na chachu. Chachu hufanya kazi penye ubaridi, kisha bia hulazwa kwa wiki kadhaa kwenye baridi kali. Kwa kuwa ladha yake ni ya upole, kosa la mpishi halina pa kujificha.

Nilifundishwa kuinywa na mwalimu mmoja wa Munich, nilipokwenda huko kwa mafunzo mafupi. Alinipeleka kwenye bustani ya bia, ambako desturi inamruhusu mteja kuja na chakula chake. Akafungua kikapu: kuku wa kuchoma, mkate wa brezel, na figili nyeupe iliyokatwa nyembamba na kutiwa chumvi. "Tafuna kwanza," aliniambia. Nikatafuna, kisha nikanywa funda dogo. Utamu wa kimea ukakutana na ngozi ya kuku iliyokaushwa kwa moto. Povu na uchungu mdogo wa hopi vikaondoa mafuta ulimini, nikatamani tonge jingine. Chakula hakikuimeza bia, wala bia haikukifunika chakula. Haikuwa ya baridi kali pia, maana barafu huua ladha. Nusu lita ilituchukua saa nzima.

Ndipo nilipoona haya. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemfukuza chuoni mwanafunzi aliyerudi bwenini amelewa. Usiku wa siku ya kikao kile, mimi mwenyewe nilikunywa chupa nne, nikatembea wima hadi nyumbani, nikajihesabu kuwa mtu wa kiasi. Nyani haoni kundule. Bia zetu nyingi ni jamaa ya Helles, lakini mtu angeniuliza ladha ya zile nne, nisingekuwa na jibu. Sikuzionja. Na kijana yule sikumwuliza hata swali moja kuhusu kilichomsibu. Nilipima harufu ya kinywa chake tu, nikatia saini.

Msomaji aweza kuniambia kwamba mlevi naye hujiita mwonjaji. Ni kweli. Pombe si chai. Helles ina kilevi cha asilimia tano hivi, na kuku hakipunguzi hata tone. Yuko mtu ambaye glasi moja kwake ni nyingi mno, na yuko ambaye dini yake imemkataza; kwa hao uadilifu ni kuiacha, nami nawaheshimu. Lakini kwa anayekunywa, sikubali tena kwamba kiasi ni hesabu ya chupa peke yake. Kiasi ni kuwapo: kujua kilichomo kinywani, na kumjua aliyeketi mbele yako. Anayekunywa asichokionja ameanza kupotea, hata kama bado anatembea wima.

Kijana yule sikumwona tena. Ningemkuta leo, ningemwagizia samaki wa kukaanga na kinywaji apendacho, hata kama ni maji, kisha ningemwuliza lile swali nililopaswa kumwuliza siku ile.