Je, Avunje Amri au Akae Bila Dawa?

Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha kwamba tauni ikizuka katika nchi, aliye nje asiingie, na aliye ndani asitoke. Kwa hiyo Serikali ya Uganda ilipozuia magari ya abiria mwezi Machi 2020 kwa ajili ya Korona, na siku chache baadaye magari ya binafsi, Mwislamu hakuwa na sababu ya kunung'unika.

Lakini mfikirie bibi mzee mwenye virusi vya UKIMWI. Dawa yake humezwa kila siku. Akiikatiza, virusi huongezeka, na huweza kuwa sugu. Zahanati iko mbali. Kibali cha gari wakati huo kilitolewa na mwakilishi wa Rais wilayani, naye, ili akipate, ilimpasa kumfunulia mgeni siri ambayo pengine hata wanawe hawakuijua. (Aibu hiyo nayo ni mzigo, tusiidharau.)

Je, avunje amri, au akae afe kwa utii? Sisi twaona swali hili limeelekezwa kwa asiyestahili kuulizwa. Anayemfungia mwenziwe mlango kwa faida ya wote amejitwika chakula chake na dawa yake. Asipompelekea, basi bibi yule akitoka alfajiri kwa miguu kufuata vidonge vyake, hatusemi kwamba ameasi.